Mtetezi wa Watoto na Nchi za Jirani



Iko desturi katika sehemu nyingi za dunia, na kwetu pia, ya kumpima mtu kwa jinsi anavyoitunza nyumba yake. Ikiwa watoto wake wanakula na kuvaa, ua wake umefagiliwa, na sauti za ugomvi hazisikiki kwake usiku, basi husemwa kwamba huyo ni jirani mwema. Mataifa nayo hupimwa vivyo hivyo. Husemwa kwamba nchi inayowatendea haki raia wake haiwezi kuwa tishio kwa nchi nyingine. Ni rai inayopendeza, na wengi huipokea bila ya kuihoji. Jioni ya leo nakuomba, ndugu msikilizaji, tuihoji kidogo.

Mfano wetu ni Marekani katika miaka ya mwisho wa karne ya 19 na ya mwanzo wa karne ya 20. Wanahistoria wa nchi hiyo hukiita kipindi hicho zama za maendeleo, kwa sababu ndipo zilipoanza kutungwa sheria za kuwakinga wananchi na ukatili wa viwanda na tamaa ya makampuni makubwa. Kipindi hicho hicho ndicho ambacho Marekani ilivuka bahari na kuzitwaa Hawaii, Puerto Rico, Guam na Ufilipino, ikaiweka Cuba chini ya uangalizi wake, na ikajikatia kipande cha ardhi katikati ya Panama. Mtu anaweza kudhani kwamba mambo hayo mawili yalifanywa na makundi mawili yaliyopingana, moja la watu wema na jingine la mabeberu. La hasha. Mara nyingi yalifanywa na watu wale wale, kwa mikono ile ile, na wakati mwingine katika wiki ile ile. Miongoni mwao nimemchagua mmoja, Albert Beveridge, aliyekuwa Seneta wa jimbo la Indiana.

Beveridge alizaliwa mwaka 1862 katika familia isiyokuwa na mali. Alifanya kazi za sulubu katika utoto wake, akasoma kwa taabu, akawa wakili, na tangu ujana akasifika kwa ufasaha wa kusema. Mwezi Septemba 1898, alipokuwa akiwania kuingia katika Seneti, alihutubia mjini Indianapolis. Vita baina ya Marekani na Hispania vilikuwa vimekwisha wiki chache tu kabla, na swali lililokuwa vinywani mwa watu lilikuwa hili: je, nchi iliyoasisiwa kwa kanuni kwamba hakuna serikali halali pasipo ridhaa ya wanaotawaliwa, inaweza kuwatawala watu wa visiwa vya mbali bila ya ridhaa yao? Beveridge alijibu kwamba inaweza. Akasema Marekani iliwatawala Wahindi Wekundu bila ya ridhaa yao, iliyatawala majimbo yake mapya bila ya ridhaa yao, na kila mzazi humtawala mtoto wake bila ya kumwomba ridhaa.

Neno hilo, mtoto, ndugu msikilizaji, tuliweke akibani. Tutalihitaji tena.

Kwanza tuitazame hali ya nyumbani kwake. Marekani ya wakati ule ilikuwa imetajirika kwa kasi ambayo dunia ilikuwa haijapata kuiona, na utajiri huo ulikuwa mikononi mwa wachache. Katika miji kama New York na Chicago wahamiaji kutoka Ulaya walisongamana katika majumba ya kupanga yasiyokuwa na hewa wala mwanga. Mwaka 1890 mwandishi wa habari aitwaye Jacob Riis, ambaye mwenyewe alikuwa mhamiaji kutoka Denmark, alichapisha kitabu chenye picha za majumba hayo, na matajiri wa mji wa New York wakaona kwa mara ya kwanza namna jirani zao wa mitaa ya pili walivyolala. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mjini Chicago, bibi mmoja kijana, Jane Addams, na mwenzake Ellen Starr walikuwa wamehamia katika mtaa wa maskini na kufungua nyumba iliyoitwa Hull House. Hawakuwa wakienda huko mchana na kurudi kwao jioni. Walikaa. Palikuwa na shule ya chekechea, madarasa ya jioni na ukumbi wa mikutano. Na kutokana na uchunguzi uliofanywa na wakazi wa nyumba hiyo, hasa Florence Kelley, jimbo la Illinois lilitunga sheria mwaka 1893 ya kukataza kuwaajiri viwandani watoto walio chini ya miaka 14.

Ajira ya watoto ilikuwa jambo kubwa. Sensa ya mwaka 1900 ilihesabu kiasi cha watoto 1,750,000 wenye umri wa kati ya miaka 10 na 15 waliokuwa wakifanya kazi. Wengi walikuwa mashambani, lakini wengine walikuwa katika viwanda vya nyuzi na nguo vya majimbo ya kusini, katika viwanda vya vioo, na juu ya migodi ya makaa ya Pennsylvania, ambako wavulana walikaa kutwa nzima wakiwa wameinama katika vumbi jeusi, wakichambua mawe kutoka katika makaa kwa vidole vyao. Babu zetu wa pwani na wa bara waliijua Marekani kwa nguo kabla ya kuijua kwa jambo jingine lolote. Shuka ile ya pamba iitwayo amerikani ililetwa Unguja na merikebu za Salem tangu miaka ya 1830, ikasafiri kwa misafara hata ng'ambo ya maziwa. Sijui kama yuko miongoni mwao aliyeuliza imefumwa na mikono ya nani.

Sasa tuje kwa majirani. Jirani wa karibu alikuwa Cuba, kisiwa kilicho umbali wa kilomita 150 tu kutoka ncha ya Florida, na wakati huo kilikuwa koloni la Hispania. Wananchi wa Cuba walianza upya vita vya ukombozi mwaka 1895. Ili kuwatenga wapiganaji na wakulima waliowalisha, Jenerali Weyler wa Hispania aliamuru watu wa mashamba wakusanywe katika miji na kambi zenye ulinzi. Humo walikufa kwa njaa na maradhi, na wanahistoria wengi wanakadiria kwamba waliokufa hawakupungua 100,000. Magazeti ya Marekani yaliijaza kurasa zake kwa habari hizo, na kwa mara hii hayakuwa na haja ya kutia chumvi, ingawa yalitia. Wananchi wa kawaida wa Marekani walikasirika kwa dhati. Tarehe 15 Februari 1898 manowari ya Marekani, Maine, ililipuka katika bandari ya Havana na kuua mabaharia zaidi ya 250. Mwezi Aprili vita vikatangazwa. Bunge la Marekani lilikwisha kupitisha azimio kwamba Marekani haina nia ya kuimiliki Cuba, bali kuikomboa na kuwaachia wenyeji serikali yao.

Lakini azimio hilo liliitaja Cuba peke yake. Pigo kubwa la kwanza la vita hivyo lilipigwa tarehe 1 Mei 1898 katika ghuba ya Manila, kiasi cha kilomita 11,000 kutoka San Francisco. Huko nako wananchi walikuwa wakipigana na Hispania, wakiongozwa na Emilio Aguinaldo, na tarehe 12 Juni walitangaza uhuru wao. Hakuna aliyewasikiliza. Katika mkataba uliotiwa sahihi Paris mwezi Desemba, Hispania iliiuzia Marekani visiwa vya Ufilipino kwa dola milioni 20. Mfilipino hata mmoja hakuitwa kukaa mezani. Tarehe 4 Februari 1899 bunduki zikalia katika viunga vya Manila, na siku mbili baadaye Seneti ikauidhinisha mkataba kwa kura 57 dhidi ya 27.

Beveridge, aliyekwisha kuchaguliwa, alifanya jambo ambalo wenzake hawakulifanya: alisafiri hadi Ufilipino mwaka 1899 akavitembelea visiwa hivyo wakati vita vikiendelea. Kwa hiyo aliposimama katika Seneti tarehe 9 Januari 1900, akiwa na umri wa miaka 37, wenzake walimsikiliza kama mtu aliyeona kwa macho. Aliuonyesha mkutano kipande cha dhahabu alichosema kimetoka huko. Akaeleza mbao, makaa, mkonge wa Manila, na zaidi ya yote masoko ya Uchina yaliyo mbele yake. Akasema kwamba Mwenyezi Mungu ameyaandaa mataifa yasemayo Kiingereza kuwatawala wasioweza kujitawala. Na alipofika kwa wenyeji wenyewe, wale ambao alikuwa amewatembelea, alilirudia neno lile lile la Indianapolis: akawaonya maseneta wasisahau kwamba katika kushughulika na Wafilipino wanashughulika na watoto.

Aliyeinuka kumjibu siku ile ile alikuwa mzee wa miaka 73 wa chama chake mwenyewe, Seneta George Hoar wa Massachusetts. Hoar alisema amesikiliza habari za utajiri, utukufu na biashara, lakini hakusikia yale maneno ambayo wazee wao walizoea kuyasikia katika jumba lile: haki, wajibu, uhuru. Hotuba ya mzee haikubadilisha kura nyingi.

Vita vilivyoanza Manila vilidumu zaidi ya miaka mitatu. Askari wa Marekani zaidi ya 4,200 walikufa, pamoja na wapiganaji wa Kifilipino zaidi ya 20,000, na raia wanaofikia 200,000 walipotea kwa risasi, njaa na maradhi. Mateka walijazwa maji kwa nguvu mpaka matumbo yakavimba, ili waseme. Katika mkoa wa Batangas, kuanzia Desemba 1901, Jenerali Bell aliwaamuru wananchi wahamie katika maeneo yaliyozungushiwa mipaka, na kila kilichobaki nje, nyumba, mpunga na mifugo, kikaharibiwa. Maelfu walikufa. Ilikuwa mbinu ya Weyler, ile iliyowatoa machozi wasomaji wa magazeti ya New York miaka minne tu nyuma.

Kisha kikaja kisa cha Samar. Tarehe 28 Septemba 1901, katika mji wa Balangiga katika kisiwa hicho, wananchi waliishambulia kambi ya Wamarekani asubuhi wakati askari wanakula, wakawaua 48. Jenerali Jacob Smith alipewa kazi ya kulipiza. Alimwamuru Meja Waller wa askari wa majini aue kila mtu awezaye kubeba silaha. Waller aliuliza umri unaanzia wapi. Jenerali akajibu: miaka 10.

Wakumbuke, ndugu msikilizaji, wale watoto wa sensa. Huko Pennsylvania mtoto wa miaka 10 alikuwa mtoto, naye alipewa watetezi. Huko Samar mtoto wa miaka 10, kwa amri ya jenerali, alihesabiwa askari wa adui. Na baba yake, mtu mzima mwenye mke, shamba na mashua, kwa hotuba ya Seneta alihesabiwa mtoto.

Haki yataka tuseme kwamba Waller hakuitekeleza amri hiyo kama ilivyotoka. Aliwaambia maofisa wake kwamba hawakuja kupigana na wanawake na watoto. Hata hivyo vijiji vilichomwa, na Waller mwenyewe aliwapiga risasi wapagazi 11 bila ya hukumu. Mahakama ya kijeshi ilimwachilia. Jenerali Smith naye alishtakiwa mwaka 1902, akapatikana na hatia ya mwenendo usiofaa, adhabu yake ikawa kuonywa, na Rais Roosevelt akamstaafisha. Kamati ya Seneti ilifanya uchunguzi juu ya mambo hayo mwaka huo huo. Beveridge alikuwa mjumbe wa kamati hiyo, na katika kamati hiyo alisimama upande wa kulitetea jeshi.

Laiti hadithi yake ingeishia hapo, tungesema alikuwa beberu kama mabeberu wengine, tukafunga daftari. Lakini mwaka 1906 Upton Sinclair alichapisha riwaya juu ya viwanda vya nyama vya Chicago. Sinclair alitaka wasomaji wawahurumie wafanyakazi. Wasomaji, kwa kadiri kubwa, waliyahurumia matumbo yao wenyewe. Roosevelt alituma watu wake wakague, wakarudi na habari za nyama iliyokokotwa juu ya sakafu chafu na wagonjwa wa kifua kikuu wakifanya kazi humo. Aliyeuandika na kuupeleka katika Seneti mswada wa ukaguzi wa nyama alikuwa Beveridge. Alitaka wenye viwanda walipie ukaguzi huo na kila mkebe uandikwe tarehe. Katika Baraza la Wawakilishi marafiki wa makampuni waliyaondoa mambo hayo mawili, lakini ukaguzi wenyewe ulipita, na Rais akautia sahihi tarehe 30 Juni 1906.

Mwezi Januari 1907 Beveridge alifanya kubwa zaidi. Alisimama katika Seneti na kuzungumza kwa siku tatu juu ya ajira ya watoto. Mara hii hakuleta kipande cha dhahabu. Alileta ushahidi wa viapo vya watu waliokwenda viwandani na migodini na kuwaona watoto, akausoma mmoja baada ya mwingine, kwa majina ya mahali na kwa umri wa watoto. Mswada wake ulikuwa wa werevu. Kwa kuwa Katiba haikuiruhusu wazi wazi serikali kuu kuingilia viwanda vya majimbo, alipendekeza kwamba reli na meli zikatazwe kuchukua kutoka jimbo moja hadi jingine bidhaa za kiwanda chochote au mgodi wowote unaoajiri watoto chini ya miaka 14. Wenye viwanda vya kusini walipinga, Roosevelt hakumuunga mkono kwa nguvu, na mswada ukafa. Lakini kila aliyemsikiliza alijua kwamba mtu yule hakuwa akiigiza.

Hapa ndipo penye swali la kweli la mazungumzo yetu. Kwa watoto wa Pennsylvania, Beveridge alitafuta ushahidi: nani amewaona, wapi, siku gani, walisema nini. Kwa Wafilipino, ambao aliwaona yeye mwenyewe, hakuona haja ya kuuliza walikuwa wanataka nini, na hali walikuwa wamekwisha kuandika katiba, kuunda bunge huko Malolos, na kutangaza jamhuri mwezi Januari 1899. Huruma hakuikosa. Alichokosa ni kukubali kwamba mtu aliye ng'ambo ya bahari anaweza kuwa shahidi wa mambo yake mwenyewe. Nadhani huruma ya namna hiyo ni ya hatari kuliko chuki, kwa sababu mwenye chuki hujua kwamba anachukia.

Wako watakaosema: je, Marekani haikufanya mema huko? Ilifanya. Mwaka 1901 waalimu wapatao mia tano waliwasili Manila kwa meli moja, na shule zikafunguliwa hata vijijini, ingawa zilifundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Huko Havana, mwaka 1900, madaktari wa jeshi chini ya Walter Reed walithibitisha kwamba homa ya manjano huenezwa na mbu, na katika muda mfupi mji ule ukasafishwa ugonjwa huo. Ni kazi tukufu iliyookoa watu wasio na idadi. Lakini hata katika hilo, aliyekuwa ameisema habari ya mbu tangu mwaka 1881 alikuwa daktari wa Cuba, Carlos Finlay, na kwa miaka kiasi cha 20 wakubwa wa elimu hawakumjali. Lile kosa la kutosikiliza lilikuwa na gharama hata kwa wenye kulifanya.

Na Cuba yenyewe, iliyoahidiwa uhuru, iliupata tarehe 20 Mei 1902 baada ya kulazimishwa kuandika ndani ya katiba yake kwamba Marekani ina haki ya kuingilia kati mambo yake, na kwamba itaipatia Marekani vituo vya manowari. Wajumbe wa baraza la katiba walikubali kwa kura 16 dhidi ya 11, baada ya kuambiwa kwamba wasipokubali jeshi la Marekani halitaondoka. Askari walirudi mwaka 1906, mwaka ule ule wa sheria ya nyama, wakakaa hadi 1909. Kuhusu Puerto Rico, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu mwaka 1901 kwamba kisiwa hicho ni mali ya Marekani lakini si sehemu yake, na hali hiyo ya ndani na nje haijatatuliwa mpaka leo. Katika Mfereji wa Panama, uliochimbwa na Wamarekani kuanzia 1904 na kufunguliwa 1914, vibarua walikuwa na daftari mbili za mishahara, moja ya dhahabu kwa Wamarekani weupe, nyingine ya fedha kwa watu weusi wa Barbados na visiwa vingine. Kila daftari na dirisha lake la posta, mabweni yake na meza zake za chakula. Hesabu rasmi ya waliokufa ilikuwa 5,609, na wengi wao walikuwa wa daftari ya fedha. Roosevelt mwenyewe, aliyeuanzisha mfereji huo, alipomaliza urais mwezi Machi 1909 alipanda meli, na mwezi Aprili akashuka Mombasa kwa safari ya kuwinda. Yeye na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500.

Lisidhaniwe kwamba hapakuwa na Wamarekani waliouona ukinzani huu. Mwaka 1898 iliundwa Jumuiya ya kupinga ubeberu, na ndani yake alikuwamo mwandishi Mark Twain, na tajiri Andrew Carnegie aliyesema yuko tayari kulipa mwenyewe zile dola milioni 20 ili Ufilipino iachiwe. Si wote waliopinga kwa moyo safi. Seneta Tillman wa South Carolina alipinga kutwaliwa kwa Ufilipino kwa sababu hakutaka watu wengine wasio weupe waongezeke ndani ya Marekani, na katika jimbo lake alikuwa akijivunia hadharani kwamba wamewanyang'anya watu weusi kura zao. Askari weusi waliopelekwa Ufilipino waliyajua hayo yote. Mmoja wao, David Fagen, aliihama kambi mwezi Novemba 1899 akajiunga na Wafilipino, wakampa cheo cha ofisa.

Aliyeona wazi kuliko wengi alikuwa Jane Addams. Katika mkutano uliofanyika Chicago mwezi Aprili 1899 alieleza jambo aliloliona barabarani mbele ya Hull House. Watoto wa mtaa walikuwa wakicheza vita. Lakini alipowatazama, aliona kwamba hakuna aliyekuwa akicheza kuikomboa Cuba. Wote walikuwa wakicheza kuwaua Wahispania. Yeye, aliyekaa na watoto wale miaka 10, alijua kusoma maana ya mchezo.

Mwezi Agosti 1912 watu hawa walikutana chini ya paa moja. Roosevelt alikuwa amekiacha chama chake na kuanzisha kingine, na mkutano wa kwanza ulifanyika katika ukumbi mkubwa wa Chicago. Hotuba ya ufunguzi ilitolewa na Albert Beveridge. Jane Addams alisimama kuunga mkono kuteuliwa kwa Roosevelt, na ukumbi ukamshangilia. Mpango wa chama ulikuwa na karibu kila jambo alilolipigania tangu 1889: kukomeshwa kwa ajira ya watoto, kura kwa wanawake, kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wanawake. Mpango huo huo ulidai kujengwa manowari mbili kubwa kila mwaka, na wajumbe weusi waliotoka majimbo ya kusini walizuiwa mlangoni. Addams alilalamika ndani ya kamati juu ya wajumbe hao, hakufaulu, akabaki. Baadaye aliandika kwamba kuzimeza zile manowari kulimkalia vigumu. Mimi simlaumu kwa wepesi; yeyote aliyewahi kukaa katika kamati anajua jinsi jambo moja jema hufungwa pamoja na jingine katika furushi moja, ukaambiwa uchukue yote au uache yote.

Chama hicho kilishindwa. Aliyeshinda, Woodrow Wilson, alitia sahihi mwaka 1916 sheria ya ajira ya watoto iliyojengwa juu ya wazo la Beveridge. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amepeleka askari Haiti, ambako walikaa miaka 19 na kuwatia wakulima katika kazi za shokoa za kutengeneza barabara. Sheria ya watoto ilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 1918, na ikabidi watoto wa viwandani wangoje hadi 1938 kupata nyingine. Wafilipino walingoja hadi tarehe 4 Julai 1946.

Wakati ule wa kisa cha Samar askari wa Marekani walizichukua kengele tatu za kanisa la Balangiga. Mbili ziliwekwa katika kambi ya jeshi huko Wyoming, na ya tatu ikahama na kikosi chake hadi Korea. Wananchi wa Balangiga waliziomba kwa miaka mingi, na serikali yao ikaziomba, na barua zikaandikwa na kujibiwa. Mwezi Desemba 2018 zilirudishwa, miaka 117 baada ya kuondoka, zikapandishwa katika mnara wake, na watu wa mji ule wakazisikia.